Printa 'imekataa': kitenzi kilichosahauliwa na wafasiri wa tarakilishi

INGIA katika saiba yoyote mjini Kitui, Mwingi au Wote siku ambayo mambo hayaendi, na utasikia sentensi moja tu: "Printa imekataa." Si hoja kama karatasi imekwama, tona imekwisha, waya umechomoka au stima imepotea kazi ikiwa katikati. Imekataa, basi. Mteja akiuliza, "Imekataa aje?" mazungumzo hufia hapo, kwa kuwa mhudumu hana kitenzi cha pili.

Kabla ya kuilaumu sentensi hiyo, nataka niitetee. Msemaji wake angalau ametumia kitenzi. Sisi wasomi wa Kiswahili tumekesha miaka mingi tukibishana kuhusu nomino. Je, chombo hiki tukiite printa, kichapishi au mashine ya kupigia chapa? Na kile kinachokituma kazi ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Makongamano yameitishwa, chai imenywewa, kila mmoja akarudi kwake na neno lake. Lakini mashine inapopata hitilafu haitaji jina lake. Inaeleza kilichotendeka, na kitu kilichotendeka hutajwa kwa kitenzi.

Dai langu ni hili: tafsiri zetu za programu za tarakilishi ni dhaifu pale pale ambapo Kiswahili kina nguvu zaidi, yaani katika mnyambuliko wa vitenzi. Udhaifu huo si wa darasani tu. Unalipiwa kwa karatasi, kwa tona na kwa nauli ya kurudi mjini kesho yake.

Siwadharau waliotangulia. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, zao la mradi wa Kilinux, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika barua na kupanga hesabu katika programu huria iliyozungumza naye Kiswahili. Kazi kama ile haiwezekani bila faharasa ya istilahi, na faharasa kwa hulka yake huvuna nomino. Hapo ndipo tulipokwama. Tuliichukua orodha ya majina tukadhani tumeichukua lugha.

Hebu tuiache tarakilishi kidogo twende kwenye mita ya stima. Mkenya yeyote, awe Mutomo au Mtito Andei, anajua tofauti kati ya "stima imekatika" na "stima imekatwa". Ikikatika, hakuna mtu tunayemjua aliyeitenda. Pengine mti umeangukia nyaya, na dawa ni kuwasha koroboi na kusubiri. Ikikatwa, mtu amekuja na ngazi kwa sababu bili haijalipwa, na ukisubiri utasubiri hadi kiama. Halafu kuna "tumekata stima", yaani sisi wenyewe tumeshusha swichi kubwa ili fundi aweze kushika waya. Mzizi ni mmoja, -kat-. Kauli ya kutendeka, kauli ya kutendwa na kauli ya kutenda zimetupa hali tatu, watendaji watatu na, muhimu zaidi, hatua tatu tofauti za kuchukua. Hatukufundishwa haya na kamati yoyote. Mtoto wa darasa la pili anayajua.

Sasa turudi kwa printa. Tarakilishi inayotumia Linux, au Mac, au mfumo mwingine wa jamii ya Unix, kwa kawaida huisimamia printa kupitia programu iitwayo CUPS. Iliasisiwa na Mmarekani Michael Sweet, ikatolewa kwa umma mwaka 1999, na Apple ikainunua mwaka 2007. CUPS haiurushi waraka wako moja kwa moja kwenye printa. Huuweka kwenye foleni kwanza, na foleni hiyo ina milango miwili. Mlango wa kuingilia unaamua iwapo kazi mpya zitapokewa. Mlango wa kutokea unaamua iwapo kazi zilizomo ndani zitapelekwa kwenye printa. Milango hii haitegemeani. Fikiria ukumbi wa benki: askari aliye nje anaweza kukataza watu wapya ilhali waliomo ndani wanahudumiwa hadi mwisho, au watu wakaendelea kuingia na kuketi, kumbe dirisha la keshia limefungwa tangu asubuhi.

Ukiandika amri ya lpstat -t, mfumo utakueleza hali ya milango yote miwili, kila mmoja kwa sentensi yake. Mlango wa kuingilia ukiwa umefungwa, amri ya kuufungua ni cupsaccept pamoja na jina la printa. Wa kutokea ukiwa umefungwa, amri ni cupsenable. Amri ya cancel huondoa kazi kwenye foleni. Tiba ya matatizo mengi ya printa katika mifumo hii ni hiyo tu, na sehemu yake ngumu si kuandika amri. Sehemu ngumu ni kusoma sentensi mbili na kutambua kwamba hazisemi jambo moja.

Niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri sentensi hizo mbili wazilete kwa Kiswahili. Wengi wao, na ni vijana werevu, waliandika "imezimwa" kwa zote mbili. Sikiliza neno hilo kwa sikio la mtu wa kawaida. Kitu kilichozimwa ni taa, moto, redio. Ukiambiwa printa imezimwa, utanyoosha mkono utafute kitufe cha kuiwasha. Utakuta inawaka, taa yake ya kijani inang'aa, na papo hapo utaacha kuiamini skrini. Tafsiri imekutuma kwenye kitufe, kumbe hitilafu iko kwenye foleni.

Gharama yake tunaweza kuihesabu. Tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza ameingia saiba yenye Linux kuchapa ripoti yake ya kurasa 40. Stima inakatika ripoti ikiwa njiani. Mipangilio ya kawaida ya CUPS ni kwamba kazi ikishindwa kufika kwenye printa, mfumo huisimamisha foleni, yaani huufunga mlango wa kutokea. Stima inarudi. Printa inawaka na kunguruma kama kawaida yake, lakini mlango ule haujifungui wenyewe. Mwanafunzi anabonyeza tena. Kimya. Anabonyeza mara ya tatu, ya nne, hadi ya nane, na kila mara mlango wa kuingilia, ambao haukuguswa na lolote, unapokea ripoti nzima. Mhudumu anabadilisha waya. Anazima kila kitu na kuwasha upya. Foleni inabaki kama ilivyokuwa, kwa maana imeandikwa kwenye diski. Hatimaye anapigiwa simu jamaa anayejua, anaandika cupsenable bila kuchungulia foleni, na ripoti nane zinaanza kumwagika. Kurasa 320. Kwa shilingi 10 kila ukurasa, hizo ni shilingi 3,200, na wanaogombana ni watu wawili ambao hakuna aliyekosea.

Ingetosha sentensi moja ya Kiswahili iliyonyambuliwa vyema: "Foleni imesimamishwa na mfumo, kazi mpya zinapokewa lakini hazichapwi." Angalia kazi inayofanywa na "imesimamishwa". Haikusimama yenyewe, kuna aliyeisimamisha, naye tumemtaja. Lau tungeandika "printa imesimama", tungedhani imechoka, au inapumua kati ya ukurasa na ukurasa. Na "hazichapwi", kwa kikanushi chake, inamnyima mtu sababu ya kubonyeza mara ya pili.

Hapo ndipo ninapomrudia mhudumu wetu na "imekataa" yake. Neno hilo ni tafsiri barabara ya mlango wa kuingilia unapofungwa. Foleni isiyopokea kazi mpya imekataa kwelikweli; na Kiingereza cha CUPS chenyewe, katika amri ya cupsreject, hutumia kitenzi cha kukataa. Kosa si neno. Kosa ni kulifanya neno moja libebe mizigo yote, kama punda wa kuteka maji msimu wa kiangazi. Tukibakisha "imekataa" kwa mlango wa kwanza na "imesimamishwa" kwa wa pili, tutakuwa tumefanya kazi ambayo kamati ya istilahi haikuifanya.

Zoezi lile la wanafunzi lilinifunza mengine. Mfumo wa printa huwa na neno la kuashiria kwamba karatasi zimekwisha, na kwa Kiingereza neno hilo ni "media-empty". Wawili waliandika kuhusu vyombo vya habari vitupu. Tulicheka, msomaji, na labda katika magazeti kuna mtu ambaye hakucheka. Lakini kosa lile linaonyesha jinsi tunavyotafsiri: neno kwa neno, kutoka kwenye orodha, bila kuuliza mashine iko wapi na imeshika nini. Katika fani ya uchapaji neno hilo linamaanisha kile kinachopigwa chapa, iwe karatasi, bahasha au kadi. "Karatasi zimekwisha" inatosha.

Lililo gumu zaidi ni ujumbe usemao "Filter failed". Karibu darasa zima liliandika "Kichujio kimeshindwa". Kisarufi hakuna dosari. Kimaana ni balaa. Kichujio ni cha chai, au cha maji ya kisima, na ukimwambia mtu wa Kibwezi kwamba kichujio cha printa kimeshindwa, atafungua mfuniko atafute wavu ulioziba. Katika Unix neno hilo lina maana yake ya tangu zamani: ni programu inayopokea data upande mmoja na kuitoa upande wa pili ikiwa imegeuzwa. Katika uchapaji, ndiyo inayougeuza waraka wako uwe katika lugha ambayo printa ile mahususi inaielewa. Ikishindwa, mara nyingi kiendeshi cha printa hakipo au si chake. Kwa hiyo tafsiri inayomsaidia mtu ni "Waraka haukugeuzika", ikifuatwa na "Kagua kiendeshi cha printa". Tena kauli ya kutendeka: haukugeuzika. Nomino "kichujio" tuitupe kabisa, haina faida hapo. Najua wenzangu wa istilahi watasema nimevunja kanuni ya kila neno kuwa na kisawe chake. Naam, nimeivunja. Kisawe kinachompeleka msomaji kwenye wavu usiokuwepo hakina haki ya kulindwa.

Kuna pia hali mbili za kazi iliyoishia njiani, na hapa Kiingereza kimekuwa makini kuliko sisi. Kazi iliyofutwa na mtu ina jina lake, na kazi iliyokatizwa na mfumo wenyewe ina jina jingine. Wanafunzi waliandika "imeghairiwa" kotekote. Kughairi ni kubadili nia, na nia ni ya mtu. Mfumo hauna nia. Kazi niliyoiondoa mimi "imeghairiwa". Ile iliyokufa mikononi mwa mfumo "imekatizwa". Mwalimu wa Makueni aliyepakua maagizo ya tathmini kutoka tovuti ya KNEC, na sasa anataka nakala za darasa zima kabla ya kengele, anahitaji kujua ipi ni ipi. Ya kwanza aulize nani katika afisi ya walimu ameifuta. Ya pili akague mashine.

Na "imekamilika"? Hilo ndilo neno linalonikera zaidi, maana linasema uongo kwa sarufi safi. CUPS ikiandika kwamba kazi imekamilika, mara nyingi maana yake ni kwamba data yote imekabidhiwa printa. Kama karatasi ilitoka, au ilitoka nyeupe, ni habari nyingine. Kiswahili kina silaha ya kusema hivyo bila maelezo marefu: "imekwishatumwa kwa printa". Hapo hakuna atakayesimama mbele ya trei tupu akibishana na skrini.

Mtu asinielewe vibaya akadhani Kiingereza ndicho kipimo. Printa za LaserJet za HP zilisifika kwa ujumbe "PC LOAD LETTER", uliowatoa jasho Wamarekani wenyewe. Herufi mbili za kwanza zilimaanisha trei ya karatasi, na neno la mwisho halikuhusu barua hata kidogo bali karatasi ya saizi ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Waraka uliotayarishwa kwa vipimo vya Marekani ukifika Kitui, printa inaweza kusimama na kusubiri karatasi ambayo haiuzwi katika duka lolote la vitabu mjini humo. Anayejua hubadilisha saizi kuwa A4 kabla ya kuchapa. Asiyejua huongeza karatasi juu ya karatasi. Ujumbe mwema ungesema: "Waraka huu umepangiwa karatasi ya Letter, trei ina A4."

Mfano mwingine ni wa zamani zaidi, na bado umo ndani ya Linux: "lp0 on fire". Tafsiri sisisi ni kwamba printa ya kwanza inaungua. Tukiiandika hivyo, mtu atakimbilia ndoo. Ukweli ni kwamba mfumo umepokea ishara ya hitilafu, umekagua ukaona karatasi zipo na printa iko hewani, na sasa hauna maelezo mengine. Kwa maneno mengine, Kiingereza nacho kilifika mahali pa kusema "imekataa", kikachagua mzaha badala yake.

Historia ya programu huria yenyewe inaanzia kwenye ujumbe wa printa, jambo ambalo wanaisimu wangepaswa kulitilia maanani kuliko wanavyofanya. Richard Stallman alikuwa mtayarishaji programu katika maabara ya akili unde ya MIT, Marekani. Printa ya awali ya maabara hiyo alikuwa ameifanyia marekebisho, hivi kwamba karatasi ikikwama, wale wote waliokuwa na kazi kwenye foleni walipata ujumbe wa kuwaambia hivyo, na mmoja wao angeinuka kwenda kuikwamua. Ilipokuja printa mpya ya Xerox, Stallman hakuweza kurudia marekebisho yale kwa sababu alinyimwa msimbo wa programu yake. Watu wakawa wanakwenda kuchukua karatasi zao na kukuta mashine imekwama saa nzima bila mtu kujua. Kisa hicho ni miongoni mwa vilivyomsukuma kuanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, na ni humo ndimo ilimoota Linux tunayoijua leo. Ugomvi wenyewe, ukiuchunguza, ulihusu sentensi moja isiyowafikia watu.

Nitaulizwa, na nimeshaulizwa: nani Kitui au Makueni anahitaji haya kwa Kiswahili, ilhali Somo la Tarakilishi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza? Hoja hiyo inasahau kwamba Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kwamba mama anayechapisha fomu ya basari ya mwanawe hakusoma somo hilo. (Ndiyo, nimesema "anayechapisha": anamfanya mhudumu achape. Kuchapa na kuchapisha si kitu kimoja, na kitufe cha skrini kinapoandikwa "Chapisha" hakijulikani kama kinatoa karatasi au kinautangazia ulimwengu.) Isitoshe, mhudumu mwenyewe anaweza kuisoma "disabled" kwa sauti bila kigugumizi, asijue kama ni printa iliyozimika au foleni iliyosimamishwa. Kikamba chake pia kinanyambua vitenzi kama Kiswahili. Masikio yake yamezoea kuuliza nani ametenda. Kiingereza hakimpi jibu, na tafsiri yetu inamnyima.

Kurasa za CUPS zinazofunguka katika kivinjari zipo kwa Kijerumani, Kifaransa, Kihispania, Kirusi na Kijapani. Kiswahili hakimo. Ujumbe wake umehifadhiwa katika faili za maandishi ya kawaida, sentensi ya Kiingereza juu, nafasi ya tafsiri chini, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzijaza na kuzipeleka. Ni kazi ya muhula mmoja kwa darasa la tafsiri, mradi wawe na printa moja mezani ya kuikwamisha makusudi na kutazama inasema nini. Ningeanza na sentensi ambayo lpstat huitoa printa inaposimamishwa bila maelezo: "reason unknown". Darasa langu liliandika "sababu haijulikani". Nikawauliza, haijulikani na nani? Mwanafunzi mmoja wa kutoka Ikutha akaifuta na kuandika: "Mfumo haukupewa sababu." Nimeiacha hivyo.